Ubeti wa Nne

Jumanne, 4 Juni 1996

Mazoezi ya kwaya. Wamefika ishirini na mmoja kati ya thelathini. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa kanisa, kila mtu anakohoa. Alto wamechelewa, kama kawaida yao. Walikuwa wanakata majani ya ng'ombe. Wenye sauti ya tena wanapiga kelele badala ya kuimba. Chaki za kanisa zimeisha, nimechukua mbili za shule. Mungu atanisamehe, ni kwa kazi yake.

Kilichonifurahisha ni besi tu. Yaani Aminieli. Wale wenzake watatu wanamfuata kama ndama. Akishusha sauti, benchi linatetemeka. Sauti ile haifundishwi.

Aminieli ni kaka wa marehemu Samweli, na Samweli alikuwa mume wa mdogo wangu Aikande. Tulimzika mwezi wa nne. Najiandikia kama vile sijui. Ni kwa sababu leo nilimtazama Aminieli akiimba nikaona midomo ya Samweli. Nikapoteza hesabu ya mapigo. Soprano wakacheka.

Tamasha la kwaya ni mwisho wa Septemba, Moshi mjini. Kila kwaya ije na wimbo wake mpya. Sina wimbo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kumwona Aikande. Nyumba yake ni ya matofali ya saruji, kando ya barabara. Samweli aliijenga kwa miaka saba ya kuendesha malori. Ndizi zake zimezaa vizuri. Yeye mwenyewe amekonda, shingo imebaki kama ya mtoto. Watu wanasema amekanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Wanasema kwa kunong'ona, lakini wanasema. Aliyeuleta ugonjwa nyumbani ni Samweli na safari zake. Ila marehemu hasemwi.

Aminieli amemwambia ahame kabla msimu wa kahawa haujachanganya. Amepata kazi ya kumkusanyia kahawa mnunuzi binafsi, mmoja wa hawa waliomiminika huku tangu soko lifunguliwe, na anatafuta ghala karibu na barabara. Hiyo ndiyo sababu. Anayoisema ni nyingine. Anasema Aikande hana mtoto wa kiume. Ana Ndeshi, miaka kumi na minne, na Upendo, miaka minane. Na kihamba, shamba la ukoo pamoja na nyumba yake, kwa desturi yetu hakiendi kwa wasichana.

Nikamuuliza mdogo wangu atafanyaje. Akasema, "Nangoja, kaka. Mungu anaona machozi yangu." Akageuka kukoroga uji.

Njiani neno lile likanishika. Nangoja. So, mi, re. Nikaliimba mpaka nikafika nyumbani. Nilijionea aibu, lakini sikuacha.

Jumanne, 11 Juni

Wimbo umekamilika kwa siku tatu. Haijawahi kunitokea. Beti tatu, na kila ubeti unaishia kwa neno la Aikande:

Bwana, yatazame machozi yangu,
yamelowesha mto na mkeka.
Usiku ni mrefu, nami ni peke yangu,
nangoja, nangoja asubuhi yako.

Besi inaanza peke yake. Wengine wanaingia juu yake, mmoja mmoja. Kusema kweli nilimwandikia Aminieli. Hakuna mwingine wa kuubeba.

Akaubeba. Kwenye "nangoja" ya mwisho machozi yakamtoka. Akatoa kitambaa, akajifuta, akaniambia, "Mwalimu, wimbo huu una roho." Nilivimba kichwa kama mtoto aliyepewa zawadi.

Alhamisi, 13 Juni

Ndeshi kaja shuleni wakati wa mapumziko. Hakutaka kuingia ofisini. Anasema juzi jioni baba yake mkubwa, Aminieli, alifika na kamba, akapima ukumbi wao ukutani hadi ukutani. Anataka kujua yataingia magunia mangapi. Mama yake alikuwa amelala chumbani, amesikia yote.

"Mjomba, alikuwa anapima huku anaimba."

Sikumuuliza wimbo gani. Juzi jioni. Alitoka mazoezini moja kwa moja.

Jumapili, 16 Juni

Tumeuimba kanisani. Wajane wa benchi la mbele wamelia, hata mzee wa kanisa aliyeshika kapu la sadaka alisahau kulipitisha. Mchungaji akasema wimbo huu utawapa wengi moyo wa kuvumilia.

Aikande alikaa nyuma kabisa. Hakulia. Nje alinipa mkono, akasema, "Mmeimba vizuri, kaka." Alisema kama anavyomshukuru mtu aliyemletea ndizi ambazo hazijakomaa.

Jumatano, 26 Juni

Aikande amepanda kwa miguu mpaka kwangu. Amepumzika njiani mara tatu, nimehesabu kutoka uani. Ningemkimbilia. Sijui kwa nini sikumkimbilia.

Amepeleka shauri baraza la kata. Litasikilizwa Alhamisi, tarehe 11 Julai. Anataka nisimame niseme ninayoyajua. Ninajua mawili. Kwamba nyumba ni jasho la Samweli, ukoo haukutoa hata bati moja. Na kwamba Samweli, wiki mbili kabla ya kufa, alituambia mimi na mke wangu kuwa nyumba na migomba ni vya Aikande na watoto. Alinishika mkono akilisema. Mkono wenyewe ulikuwa wa moto.

Aikande kasema, "Baba hayupo, mume wangu hayupo. Mwanamume wa kunisemea ni wewe tu."

Nimeahidi. Nimeahidi kwa kinywa kipana, nikagonga na meza.

Ijumaa, 5 Julai

Aminieli hakuja mazoezini Jumanne. Jana pia hakuja, wala wale watatu wake. Leo kanitumia salamu. Nikisimama barazani, besi yote inatoka kwenye kwaya. Zimebaki wiki kumi na mbili kufika tamasha.

Tumeujaribu wimbo bila wao. Ni mtori wa ndizi usio na nyama.

Nimewaza siku nzima, na saa nane mchana nikapata jibu. Isale. Baba alikuwa akisema hakuna ugomvi unaoshinda isale. Unalifunga fundo lile jani, unampelekea mtu, naye hawezi kukunyima msamaha, hata ungekuwa umemuulia ng'ombe. Kwa nini watu wanaoimba pamoja wafikishane barazani? Nitalipeleka, Aminieli atalegea, Aikande atabaki kwake, kwaya itabaki nzima. Kila mtu atapata.

Nimemwambia mke wangu, Mama Gudilaki. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Isale hupelekwa na mwenye kosa. Kosa lako nini?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya wanaume. Akasema, "Haya."

Jumamosi, 6 Julai

Limekwisha! Nimekata isale mpakani mwa shamba, nikalifunga fundo zuri, nikabeba na kibuyu cha pombe ya mbege. Aminieli alikuwa amekaa uani na wazee wawili wa ukoo wao. Nikawaamkia shikamoo wale wazee, nikasema nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Kama kuna lililowaudhi, liishe, aachwe akae kwake na watoto.

Aminieli alisimama. Akalipokea kwa mikono miwili. "Shemeji, limekwisha."

Tulikunywa. Aliimba kidogo, wazee wakaitikia. Nimepanda mlima kurudi bila kusikia miguu. Shauri zima limemalizwa na jani moja. Aikande sijamwambia. Nataka asikie mwenyewe Alhamisi, Aminieli atakapoacha madai yake mbele ya watu.

Alhamisi, 11 Julai

Nilivaa suti yangu ya harusi. Aikande alikuja na kilemba cheupe, Ndeshi amemshika mkono. Alieleza vizuri. Hakulia, hakumtukana mtu. Alinitaja kuwa shahidi wake.

Ikafika zamu ya Aminieli. Hakusema mengi. Aliingiza mkono mfukoni akatoa isale. Lilikuwa limeanza kunyauka, fundo langu liko vile vile. Akaliweka mezani.

"Wazee wangu, kwetu hapa nani hupeleka isale?"

Wakajibu wote kama watoto wa darasa la kwanza. Mkosaji.

"Kaka yake aliniletea hili Jumamosi, mashahidi wawili wale pale. Ameungama kwa niaba ya dada yake. Na kosa mnalijua, ndugu yangu amekufa kwa ugonjwa. Mimi nimesamehe, mila hainiruhusu kukataa. Lakini aliyemuua mtu atamrithije?"

Mwenyekiti akaniuliza kama ni mimi niliyelipeleka. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nilipeleka kwa kosa gani.

Hapo ndipo palipokuwa pangu. Ningeweza kusema. Maneno yote nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu Juni. Nikamwona Aminieli ananitazama kwa upole, kama anavyonitazama akisubiri nimpe sauti ya kuanzia. Nikasema, "Nilitafuta amani tu."

Mtu wa nyuma akacheka.

Niliposema ya Samweli, mkono wa moto na yote, mwenyekiti akauliza mbona sikuyasema siku ya isale. Wamempa Aikande mpaka tarehe ishirini awe amehama. Hakunitazama hata mara moja. Alilitazama lile jani pale mezani mpaka tulipoambiwa tutoke.

Ijumaa, 12 Julai

Sijakwenda shuleni. Nimejiita mjinga asubuhi nzima. Si kweli. Mjinga angesamehewa. Mimi ni mwoga, na nilitaka besi yangu.

Jumamosi, 20 Julai

Tumemhamisha. Kitanda kimoja, cherehani, masufuria, magodoro ya watoto, picha ya Samweli amesimama kando ya lori. Kabla ya kufunga aliomba ufagio. Amefagia nyumba yote, chumba kwa chumba, akipumzika kwa kushika ukuta. Hatukuthubutu kumzuia. Kisha akatoa ufunguo.

Aminieli akaupokea. Akasema, "Pole sana, shemeji."

Amesema pole!

Tumewapa chumba tulichokuwa tunawekea mahindi. Mama Gudilaki amekipiga chokaa. Upendo ameuliza watarudi kwao lini. Nikaenda kuleta godoro lake.

Jumapili, 4 Agosti

Nimekata isale jingine. Safari hii nimelipeleka ninapostahili kulipeleka, yaani chumba cha mahindi. Nilipiga magoti sakafuni.

Aikande alikuwa anashona sare ya mtoto wa jirani. Akalipokea.

"Hili halikataliwi, kaka."

Akaliweka dirishani, akaendelea kukanyaga cherehani. Basi. Mila imenisamehe. Yeye sijui.

Alhamisi, 15 Agosti

Besi wote wamerudi, tangu Julai. Sijawafukuza. Kila Jumanne na Alhamisi Aminieli anasimama mbele yangu na kuimba "nangoja" kama malaika, na kila mara nywele zinanisimama. Wimbo haujawahi kuwa mtamu hivi. Namchukia. Nampa sauti ya kuanzia, anaanza, na namchukia.

Haoni kwamba yeye ndiye anayeliza. Hilo ndilo linaloninyima raha. Anadhani anayelia kwenye wimbo ni yeye.

Alhamisi, 29 Agosti

Kahawa imechanganya. Watoto nusu hawaji shuleni, wako mashambani wanachuma. Nimepita barabarani leo. Nyumba ya Aikande imejaa magunia mpaka usawa wa madirisha. Pazia lake la maua bado linaning'inia, limebanwa katikati ya gunia na kioo. Nimerudi kwa njia ya juu, ndefu. Kuanzia leo nitapita hiyo.

Jumatano, 4 Septemba

Mwezi mzima Aikande hajaniambia zaidi ya "asante" na "umeamkaje". Leo jioni nilikuwa nimekaa uani na karatasi za nota, naunguruma mwenyewe. Akatoka na kigoda chake, akakaa mbali kidogo.

"Kaka, wimbo huo ni wangu?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa mbona unaniambia ningoje? Mimi nilisema nangoja kwa sababu ulikuwa umekaa pale, na wewe ni kaka yangu, na nilijua utafanya kitu."

Nikataka kujitetea. Nikasema wimbo wa kanisani lazima uwe na tumaini.

"Tumaini ninalo. Simwombi Mungu asubuhi ya mbinguni, hiyo atanipa bila kuomba, na karibu tu. Namwomba nyumba yangu. Mbona hilo hamliimbi? Au Mungu wenu hashughuliki na funguo?"

Akakohoa muda mrefu. Akaniomba kalamu. Aliandika nyuma ya karatasi yangu, kwa mwandiko wake ule wa darasa la saba:

Bwana, mlango wangu umefungwa,
ufunguo anao mtu tunayeimba naye.
Mwambie afungue leo,
mvua isiwakute watoto nje.

Akasema, "Na 'nangoja' usiiweke hapo."

Nimeusoma mara nyingi sana. Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeuandika ubaoni. Ubeti wa nne, herufi kubwa, sauti nne. Chaki ilinivunjikia mara mbili.

Wakasoma. Kisha soprano mmoja, mama mtu mzima, akaanza kuimba sauti yake polepole, peke yake, bila mimi kumpa mkono. Alto wakaingia.

Aminieli aliusoma mpaka mwisho. Niliona midomo ikicheza. Akanikazia macho, nami nikamkazia, na kwa mara ya kwanza tangu Julai sikutazama chini.

"Futa, Mwalimu."

"Sifuti."

Akachukua kofia. Wale watatu wakamfuata. Mlangoni akageuka akasema tuone tutakavyoimba bila wao. Nimefurahi, kisha nikakumbuka nimechelewa miezi miwili.

Jumamosi, 28 Septemba

Tamasha. Moshi joto, vumbi, kwaya zina sare mpya za kung'aa. Sisi tulivaa mashati meupe na sketi nyeusi. Wimbo ulianza bila besi. Nilijaribu kuanzisha mwenyewe, sauti yangu ni ya tena, ikawa aibu. Watu wa mbele walitazamana.

Tukafika ubeti wa nne. Katikati ya ukumbi akasimama mama mmoja mwenye kilemba cheusi. Hakupiga makofi wala vigelegele, alisimama tu. Kisha mwingine, upande wa dirishani. Kisha nyuma wengine. Sikuwajua. Nilikuwa nimewapa mgongo nusu, nawaona kwa pembe ya jicho, naogopa kugeuka nisije nikalia nikaharibu.

Tumekuwa wa mwisho. Majaji wameandika kwamba wimbo hauna msingi chini na ubeti wa nne si wa kiroho.

Nilimsimulia Aikande hata kabla ya kuvua viatu. Alikuwa kitandani. Nilipofika kwa wale wanawake akanyanyua kichwa.

"Walisimama wangapi?"

"Sikuhesabu."

"Ungehesabu, kaka."

Nimeumia kuliko siku ya baraza. Kitu kidogo hicho, na nacho sikumletea.

Jumapili, 20 Oktoba

Mtori haupiti tena. Anakunywa maji kwa kijiko. Hospitali wamesema tukae naye nyumbani. Kwaya imekuja baada ya ibada kumwimbia, akawaomba waimbe ubeti wa nne peke yake, wakauimba mara tatu. Upendo naye anaujua.

Walipoondoka akaniita.

"Nikifa watakuja kunichukua. Hamtabishana nao."

Ni kweli, watakuja. Mke huzikwa kwa mumewe, ukoo wa Samweli hauwezi kukubali azikwe kwangu. Maiti yake wanaitaka. Nikamwambia nitawakatalia, nitamzika hapa, chini ya migomba ya baba. Nilitaka walau safari hii nisimame.

"Hapana. Nizikwe kwangu, karibu na mlango. Magunia wanaweza kuyaweka ndani, lakini kaburi hawalihamishi. Wanangu wakija kulipalilia, nani atawaambia ni wageni?"

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Akasema, "Nilikupenda sana ulipokuwa unanibeba kwenda kisimani." Sijui kama ni msamaha. Ni kumbukumbu, labda. Nimekwenda kukaa bandani na ng'ombe, nimelia kwa sauti.

Jumamosi, 9 Novemba

Amekufa saa nne asubuhi. Ndeshi alikuwa anamsuka. Alimaliza upande wa pili.

Jumanne, 12 Novemba

Walikuja, kama alivyosema. Aminieli alileta lori la kahawa, limefagiliwa, limetandikwa majani ya migomba. Alikuwa na heshima zote. Alituamkia mmoja mmoja. Alipokuwa hai walimnyima sakafu, maiti wamempa lori.

Nilisema jambo moja tu. Kaburi lichimbwe mbele ya nyumba, karibu na mlango, pembeni ya Samweli. Wazee wao wakanong'ona. Aminieli akasema hapo ndipo malori yanapogeuzia. Nikasema hapo. Nikachukua sururu kutoka kwa kijana wao nikaanza mwenyewe, na suti yangu ile ya harusi. Waimbaji wawili wa sauti ya tena wakaja na majembe. Hakuna aliyetuzuia. Vuli imeanza, udongo ulikuwa laini.

Mchungaji alipomaliza, kwaya ikaanza. Hatukuwa na besi, kwa hiyo nikanyanyua mkono kuwapa soprano. Kabla sijaushusha, sauti ikaanza kule nyuma, chini, imara, mahali pake hasa. Ardhi ikaisikia. Aminieli. Alikuwa amesimama na ukoo wake, kofia mkononi, amefumba macho. Aliimba ubeti wa kwanza mzima peke yake. Sauti zikaingia juu yake, moja moja, kama nilivyouandika wimbo. Nadhani sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo maishani mwangu. Ningependa kusema nilikasirika. Nililia kwa uzuri wake, mbele ya jeneza la mdogo wangu.

Ubeti wa pili. Wa tatu. Nangoja, nangoja asubuhi yako.

Tukageuka, wote, tukautazama mlango. Sikuwaambia wageuke. Tukaimba wa nne.

Akanyamaza. Nilimsikia akinyamaza. Wimbo uliporomoka chini, ukabaki juu kwa wanawake na Ndeshi na Upendo, na wakaufikisha mpaka mwisho. Nyuma ya kioo pazia la maua bado limebanwa na gunia.

Jumamosi, 7 Desemba

Tumekwenda kupalilia kaburi, mimi na watoto. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Mlima ulionekana wote. Magunia bado yamo, machache. Hakuna aliyetuuliza tunafanya nini pale.

Juu ya kaburi tulikuta isale. Limefungwa fundo, bichi, limewekwa upande wa kichwani na kuwekewa jiwe lisipeperuke. Jirani amesema hakuona mtu. Mimi sikuuliza zaidi. Fundo lile halikufungwa na mtoto.

Nililitazama muda mrefu. Isale halikataliwi. Lakini aliye chini hawezi kulikataa wala kulipokea.

Ndeshi aliliokota, akaligeuza, akaangalia chini yake. Akainua na jiwe akaangalia. Kisha akalirudisha vile vile lilivyokuwa.

"Ufunguo haupo, mjomba."

Tumemaliza kupalilia. Upendo amechomeka masale manne, moja kila pembe, kama tunavyofanya mipakani. Yatashika, mvua ipo.

Jumatatu nitaomba ruhusa shuleni nishuke mahakamani Moshi na Ndeshi kudai nyumba yao. Mama Gudilaki anakuja pia, naye alimsikia Samweli. Suti nimeifua, udongo umekataa kutoka magotini. Nitaivaa hivyo hivyo.